Jibu: Vikapu vya kokteli kwa mnada wa karo za yatima

Mama, uliuliza vikapu vya kokteli (yaani vinywaji vya kuchanganya) mtakavyopiga mnada hapa Lubumbashi kwa ajili ya karo za yatima vibebe mada gani. Kwa kuwa mji wetu ni mji wa shaba, mimi ningechagua Moscow Mule, kinywaji cha Marekani cha miaka ya 1940 ambacho kwa desturi hunywewa katika kikombe cha shaba. Weka vikombe viwili, vodka, soda ya tangawizi, ndimu na kadi ya vipimo: mililita 45 za vodka, 120 za soda na 10 za maji ya ndimu, juu ya barafu. Mkiagiza vikombe kwa mafundi wetu, sisitizeni kwamba ndani vipakwe bati linalofaa kwa chakula, kwa maana asidi ya ndimu huyeyusha shaba, nayo ikizidi huleta kichefuchefu na kutapika. Soda ya tangawizi ya nyumbani (tamu kuliko ya dukani, nakubali) huchacha upesi, basi isiingie kikapuni. Andaeni pia kikapu kisicho na pombe, kwani waumini wengi hawatanyoosha mkono kwa ajili ya vodka. Vitu mlivyonunua wenyewe, bei ya kuanzia isishuke chini ya gharama yake.