Laptopu yangu ya zamani inanidanganya kuhusu gari?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina laptopu ya mwaka 2009 iliyokuwa imelala kabatini. Nimeiwekea programu ya kusoma magari na nikanunua adapta ya ELM327 ya Bluetooth, ile inayochomekwa kwenye gari ili laptopu iongee nalo. Nilihangaika siku mbili na ujumbe wa UNABLE TO CONNECT, mwishowe ikakubali na kunipa msimbo P0171. Fundi mmoja akaniambia hiyo ni sensa ya oksijeni. Nimebadilisha sensa, nimefuta msimbo, taa ya injini kwenye dashibodi ikazima. Siku ya nne imewaka tena kwa msimbo uleule. Sasa fundi huyohuyo anasema laptopu kuukuu haiwezi kupima gari, ila yeye ana flashi yenye programu iliyofunguliwa bila leseni, inayosoma kila kitu hadi eabegi na kuandika upya kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Niachane na laptopu yangu, au nichukue programu yake?

JIBU: Ndugu yangu, laptopu yako haijadanganya. Imekusomea msimbo uleule mara mbili kwa sababu kasoro ileile bado ipo. Aliyekosea ni yule aliyeutazama msimbo akatamka jina la spea. Jambo hili nakutana nalo kila mara: mtu anakuja na mfuko wa sensa mpya alizokwisha kuzinunua, taa bado inawaka, na chini ya boneti kuna mpira wa hewa uliopasuka ambao hakuna aliyeinama kuutazama.

P0171 haisemi popote kwamba sensa imekufa. Inasema mchanganyiko una hewa iliyozidi kwa mafuta yaliyopo upande wenye silinda namba moja, na kwamba kompyuta ya injini imeongeza mafuta mpaka imekaribia mwisho wa uwezo wake wa kurekebisha. Na habari hiyo kompyuta imeipata kwa nani? Kwa hiyohiyo sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosti. Mjumbe hauawi, nawe umemng'oa akiwa mzima. Sensa ikiwa mbovu yenyewe, mara nyingi ina misimbo yake: P0135 kwa saketi ya kipasha joto chake, P0131 kwa volti iliyo chini, P0133 kwa kuitikia polepole. Hata hiyo nayo si ruhusa ya kwenda dukani. P0135 inahusu saketi nzima, yaani fyuzi, waya, soketi, athi, ndipo sensa. Fyuzi iliyoungua hutoa msimbo uleule ambao sensa iliyokufa ingeutoa, na kompyuta haina macho ya kutofautisha.

Naomba hili likae kichwani, maana ndilo linalowamaliza watu fedha. Msimbo ni jina la lalamiko. Kompyuta ya gari inajua volti, joto, mzunguko wa injini na muda. Kutokana na hizo inaona jambo halikwenda kama ilivyotarajia. Kutoka hapo kwenda kwenye spea ni kazi ya mtu mwenye mita mkononi. P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Kama kila silinda ina koili yake ya kuipa plagi umeme, fundi mwenye subira huhamisha koili ya kwanza kwenda ya tatu, akaendesha gari: msimbo ukigeuka P0303, koili imejitaja, ukibaki P0301, anaangalia plagi, injekta, na mgandamizo wa silinda. Hajanunua kitu. Mwenye haraka ananunua koili zote. P0420 nayo imewauzia watu kataliti mpya, kisafisha moshi ambacho wengi hukiita masega, wakati tatizo lilikuwa ekzosti inayovuja karibu na sensa. Au masega yaliungua kweli, lakini kwa sababu injini ilikuwa inamisi muda mrefu, na mapya yatafuata njia hiyohiyo.

Turudi kwenye gari lako. Fungua ukurasa wa data za moja kwa moja na utafute namba mbili za marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, ambazo programu nyingi huziandika STFT na LTFT. Zijumlishe. Injini yenye afya na iliyopata moto hucheza ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri. Kwa P0171 utakuta jumla iko juu sana. Magari mengi huandika msimbo huo marekebisho yanapokaribia asilimia 20 hadi 25, kutegemea mtengenezaji.

Sasa uangalie namba hizo zinavyotembea. Zisome injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, kisha uikanyage taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na uishike hapo nusu dakika. Jumla ikiwa kubwa bila kukanyaga, tuseme 24, halafu ikashuka hadi 6 kwenye 2,500, unatafuta hewa ya wizi: hewa inayoingia bila kupimwa, baada ya kuipita sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Uvujaji mdogo ni sehemu kubwa ya hewa yote wakati injini imetulia, na ni sehemu ndogo inapovuta hewa nyingi, ndiyo maana namba inashuka. Angalia mpira mkubwa kati ya chujio na throto, hasa kwenye mikunjo yake ya chini ambako nyufa hazionekani mpaka uukunje kwa mkono. Angalia vipira vidogo vya vakyumu, paipu ya breki, valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa), gasketi ya manifoldi.

Ikiwa kinyume, namba ni nzuri bila kukanyaga lakini inapanda kadiri gari linavyobebeshwa mzigo, basi shuku mafuta yasiyofika vya kutosha, yaani pampu iliyochoka au filta iliyoziba, au sensa ya MAF yenye uchafu inayopima hewa pungufu. Ikiwa juu wakati wote, pima presha ya mafuta kwa geji kabla ya jambo lingine. Na usisahau ekzosti: tundu lililo kabla ya sensa ya oksijeni huvuta hewa ya nje, sensa ikaona hewa ambayo haikutoka kwenye silinda.

Kama injini yako haina MAF na inapima kwa presha ya manifoldi, sheria hii ya hewa ya wizi haishiki vizuri. Hapo uvujaji hupandisha presha ya manifoldi, kompyuta huongeza mafuta kuifuata, na mara nyingi utaona injini inazunguka juu kuliko kawaida ikiwa imetulia. Hakikisha kwanza gari lako ni la aina gani.

Umeniambia taa ilizima siku nne, na nahisi hilo ndilo lililokupa imani kwamba sensa ilisaidia. Taa ilizima kwa sababu uliifuta. Kufuta msimbo hufuta pia marekebisho ya mafuta yaliyojifunza kwa muda mrefu, na kompyuta huanza upya kutoka sifuri. Inajifunza tena, inafika tena kwenye ukomo, na kwa makosa ya aina hii kwa kawaida husubiri iyaone katika safari mbili ndipo iwashe taa. Siku nne ni muda wa kompyuta kukumbuka. Zaidi ya hapo, ulipofuta ulipoteza kitu chenye thamani: kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipoandikwa, yaani mwendo, joto, mzigo, mizunguko na marekebisho ya mafuta ya dakika ile. Iko humohumo kwenye programu yako. Mara hii isome na uiandike kwenye karatasi kabla hujagusa kitufe cha kufuta. Fundi anayefuta kabla ya kusoma kumbukumbu hiyo ameharibu ushahidi wake mwenyewe, na kung'oa betri kunafanya uharibifu uleule.

Kuhusu laptopu. Ya mwaka 2009 inatosha, tena inazidi. Itifaki, yaani lugha ambazo gari na chombo huongea, za K-line zinazotumika kwenye magari mengi ya zamani hutembea kwa biti 10,400 kwa sekunde. Hata CAN, itifaki mpya zaidi ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari mapya kuanzia modeli za 2008, kwa kawaida huwa kilobiti 500 kwa sekunde. Hakuna kompyuta mpakato iliyo hai inayoshindwa na mwendo huo. Siku zako mbili za mahangaiko karibu hakika zilitoka kwenye adapta. Chipu ya asili ya ELM327 ilitengenezwa na Elm Electronics wa Kanada, na toleo lake la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa; ndiyo maana soko limejaa nakala, na kampuni yenyewe ilifunga milango mwaka 2022. Nakala nyingi hujitangaza kuwa toleo jipya huku zimeacha amri na itifaki kadhaa nje. Ukiituma amri halali nayo ikajibu kwa alama ya kuuliza, haiijui.

Kwa laptopu, achana na Bluetooth utafute adapta ya USB yenye waya. Bluetooth kwenye Windows ya zamani huzalisha milango miwili ya mawasiliano iitwayo COM, wa kutoka na wa kuingia, na wengi huchagua usio sahihi. Jambo jingine ni gari lenyewe: magari mengi ya soko la ndani la Japani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana soketi ya pini 16 sawasawa kabisa na nyingine, lakini hayazungumzi itifaki za kawaida za OBD-II, mfumo wa pamoja wa kusoma misimbo ya magari. Hapo utaona UNABLE TO CONNECT hadi uchoke, na laptopu haina kosa.

Sasa hiyo flashi. Usiichukue.

Programu ya kusoma misimbo ya injini ipo ya bure na ya halali. Kwa magari ya Ford na Mazda kuna FORScan, ambayo huingia pia kwenye ABS na eabegi. Kwa familia ya Volkswagen kuna VCDS ya Ross-Tech, ambayo hulipiwa pamoja na kebo yake. Programu iliyofunguliwa huja na maelekezo ya kuzima antivirusi kwanza, na sharti hilo pekee linatosha kukufanya uikatae. Lakini virusi si hofu yangu kubwa. Hofu yangu ni neno "kuandika upya". Kusoma ni kuuliza swali. Ukikatika katikati unauliza tena. Kuandika kontroli boksi ni kufuta kilichomo kisha kuweka kipya, na ikikatika katikati humo ndani hakuna kitu. Nimeletewa gari lililovutwa kwa kamba kwa sababu laptopu yenye betri iliyokufa ilizima kazi ikiwa nusu. Gari lilikuwa na shida ya kawaida tu ya kumisi. Waliokuwa wakiliandika walikuwa na programu iliyofunguliwa na kebo ya nakala, hawakuwa na chaja ya kushikilia volti za betri ya gari, na hawakuwa na nakala ya data ya mwanzo. Mwenye gari alinunua kontroli boksi na bado kumisi kulikuwepo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepima koili.

Eabegi ndiyo kabisa. Msimbo wake usome kwa chombo kinachoijua, kisha uache. Usichomeke mita kwenye waya za kilipuzi chake kutafuta ukinzani. Mkondo mdogo wa umeme waweza kuilipua mbele ya uso wako.

Na wapo wanaofanya biashara ya kuzima taa. Wanafuta msimbo, wanapokea fedha, wanaondoka kabla kompyuta haijakumbuka. Wengine hufanya hivyo saa moja kabla gari halijauzwa, na mnunuzi anaona dashibodi safi. Hapa laptopu yako kuukuu ina thamani kuliko maneno yao yote. Kila kufuta hurudisha nyuma vipimo ambavyo gari hujipima lenyewe, na programu yako itaonyesha kwamba havijakamilika. Magari mengi pia hutunza kilomita zilizotembewa tangu misimbo ifutwe na idadi ya mara injini ilizopata moto tangu hapo. Gari likionyesha kilomita 3 tangu kufutwa, na muuzaji anaapa halijawahi kuwa na tatizo, funga laptopu uende zako. Kwa modeli za Marekani za kuanzia 2010 na kuendelea kuna pia misimbo ya kudumu ambayo kitufe cha kufuta hakiigusi. Huondoka pale gari lenyewe linapothibitisha kwamba kasoro haipo tena.

Kwa hiyo usifute kitu leo. Soma kumbukumbu ya hali ya injini, andika STFT na LTFT injini ikiwa imetulia na ikiwa kwenye 2,500, zote mbili ikiwa imepata moto kamili. Kisha zima, kunja ule mpira wa hewa kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Usipoona ufa, niletee namba hizo nne pamoja na aina ya injini. Na kama sensa ya zamani bado unayo, usiitupe.