Wagermanik wa kale: wafugaji au wachungaji?

SWALI: Naandaa somo la historia. Niliandika kwamba Wajerumani wa kale "walikuwa wachungaji waliokula maziwa na nyama". Mwalimu mwenzangu amefuta "wachungaji" akaweka "wafugaji". Kwani si yale yale?

JIBU: Si yale yale, mwalimu, na mwenzako yuko sahihi. Kuchunga ni kuwatoa ng'ombe zizini asubuhi, kuwapeleka malishoni na kuwarudisha jua likizama. Mtoto wa miaka kumi huchunga ng'ombe wa babu yake, naye hana hata ndama. Kufuga ni kuwa nao: kuwalisha, kuwazalisha, kuwakamua, kuwatibu.

Kwa watu unaowaandikia, tofauti hiyo ni kubwa. Katika kijiji cha Feddersen Wierde, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, kilichochimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia 1955 hadi 1963, watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Upande huu palikuwa na meko. Upande wa pili ng'ombe walisimama safu mbili, wametenganishwa kwa kuta za fito zilizosukwa, na palikuwa na mfereji wa samadi. Baridi ikikaza, hapakuwa na pa kuchungia. Ng'ombe alilishwa ndani, na hapo neno ni kufuga tu.

Tafadhali usije ukaongeza "wa kuhamahama". Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, alidai kwamba watu hao hawakujali kilimo na kwamba hawakukaa mahali pamoja zaidi ya mwaka. Lakini kijiji hicho kilikaliwa karne kadhaa, na wenyeji wake walilima shayiri na maharage. Uwindaji nao uguse kidogo tu, maana mifupa inayopatikana katika vijiji vyao mingi mno ni ya mifugo.

Kuhusu "waliokula maziwa": maziwa hunywewa. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, mwaka 98 baada ya Kristo, anataja maziwa yaliyoganda, nasi tuna jina lake tayari, mtindi. Ukiwaandikia wanafunzi wa Kenya, weka maziwa lala.

Na "Wajerumani"? Msomaji atawaza raia wa Ujerumani ya leo, ilhali lugha za Wadenmark, Waswidi, Waholanzi na Waingereza nazo zimetoka kwa watu hao. Andika Wagermanik.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Wagermanik wa kale walifuga ng'ombe na kulima shayiri, walikula jibini na nyama, wakanywa uji, maziwa na mtindi."