“Hukuwaza kidege”: nani anamwaza nani?

SWALI: Kwenye harusi hapa Ujiji bendi ilipiga “Malaika”. Ilipofika “hukuwaza kidege” ukazuka ubishi. Mmoja alisema kijana anamlaumu msichana kwamba hakuwaza, mwingine akasema kijana ndiye anayemwaza msichana. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Ujiji, Kigoma)

JIBU: Ni huyo wa pili, ndugu msomaji. Ila wa kwanza naye hakubisha bure, maana umbo ni moja na miundo ni miwili.

Katika kukanusha wakati uliopita, hu- ni nafsi ya pili umoja, -ku- ni wakati, kisha mzizi: “Wewe jana hukuwaza.” Katika mazoea, hu- haibebi nafsi yoyote, na -ku- ndiyo inayomtaja anayewazwa: “Mimi kila siku hukuwaza.” Sikio halisaidii hapa, kwani mkazo unaangukia silabi ile ile, -wa-, kote kuwili.

Kinachoamua ni kiambishi ambacho hakipo. Kijana angekuwa analalamika kwamba hakukumbukwa, angeimba “hukuniwaza”, -ni- ikimtaja yeye. Ukitaka kuhakikisha, waweke wanaoambiwa katika wingi: lawama itakuwa “hamkuwaza”, mazoea yatakuwa “huwawaza”. Hapo miundo inaachana kabisa. Ni kama unavyosikia sokoni: “Mjomba hukuletea migebuka” ni sifa ya mjomba, bali “Mbona hukuniletea migebuka?” ni madai.

Kisa chenyewe nacho kinaelekea huko huko. Kijana anapenda, anataka kuoa, mali ya kutoa mahari hana. Anayeshindwa ni yeye, na popote katika wimbo hamrushii msichana lawama. Ukiugeuza mstari huo kuwa shutuma, umeuharibu wimbo wote.

Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeuvumisha kwa santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa utunzi wake unabishaniwa hadi leo. Wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanganyika. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliurekodi mwaka 1965, ukazunguka dunia. Katika kuzunguka huko wapo walioimba “nakuwaza”. Si kosa la sarufi, na utata unaondoka, lakini maana inapungua: “nakuwaza” yaweza kuwa ya saa hii tu, “hukuwaza” ni ya siku zote. Siku hizi mitaani watu husema “huwa nakuwaza”, na hu- tupu imebaki zaidi kwenye maandishi, methali na nyimbo. Ndiyo maana vijana wengi wakiisikia hukimbilia ukanushi.

Kwa wanaouimba, liko jambo la pili la kuangalia: “nashindwa na mali sina”. Hiyo “na” inaunganisha sentensi mbili, nashindwa, tena mali sina. Ukivuta pumzi baada ya “mali”, utasikika umesema mali ndiyo iliyokushinda, na “sina” itaning’inia peke yake. Pumua baada ya “nashindwa”.