Nazi imenijaza mabutoni, lavanda nichanganye na mafuta gani?

SWALI: Tantini jambo, mi niko msomaji wenu wa Kadutu hapa Bukavu. Rafiki alinitumia kachupa ka mafuta ya lavanda, ile kali ya matone, akasema haipakwe yenyewe, lazima nichanganye na mafuta ingine. Nikachukua ya nazi nikapaka usoni, siku kidogo mabutoni imejaa kwenye paji na kidevu. Sasa nichukue gani? Mama mkwe anasema mawese inatosha, ni kweli?

JIBU: Jambo sana mama. Lavanda usiitupe, mi nashuku nazi, ju uso wenye unatoa mafuta mingi nazi inaziba vitundu vyake. Ile yenye imebakia peleka kwa miguu na visigino, huko inafanya kazi muzuri. Na asubuhi ukikuta imeganda nyeupe usiseme walikuuzia feki, nazi inaganda joto ikishuka chini ya digrii 24 hivi, na baridi ya Bukavu unaijua, tia chupa kwenye maji ya moto kidogo itayeyuka.

Kwa uso jojoba, mafuta ya mbegu za kamti ka jangwani, ndiyo ya kwanza, nyepesi, inakawia kuharibika, ila bei yake weee! Kama mfuko unakataa chukua alizeti, hata ile ya jikoni, basi isiwe imekaangia samaki. Nunua kidogo kidogo, ficha mbali na jua, ikianza kunuka uzee mwaga. Avoka ni nzito, iache kwa ngozi kavu na masaji.

Mama mkwe hajakosea sana, mawese inalainisha ngozi, lakini ule wekundu utauona kwa mto na kwa kola ya blauzi na sabuni itakuishia. Ile nyeusi ya kiini cha ngazi, tunda lenye linatoa mawese, nayo ni ndugu ya nazi kabisa, kwa uso wako hapana.

Kipimo: kijiko kimoja cha chai cha mafuta, tone moja la lavanda kwa uso, mawili kwa mwili, usiongeze ati ju inanukia. Kwanza paka kidogo ndani ya kiwiko ungoje kesho yake, ikiwasha acha. Kama uko na mimba uliza dokta mbele. Na rafiki akikutumia ya ndimu, usiipake halafu utoke kwa jua, itakuunguza ibakishe madoa meusi.