Ameniacha, Shangazi

Tulipoachana niliwaambia watu dukani kwamba nimefiwa. Macho yalikuwa yamevimba, isingewezekana nikae kimya. Nikasema rafiki yangu wa Bujumbura amefariki. Kesho yake mama anayeuza mawese jirani yangu, pale Mwanga, Kigoma, akaja na rambirambi: noti ya elfu tano, kaikunja ndogo kama kidonge. Nikaipokea. Marehemu mwenyewe alikuwa Brussels, mzima wa afya, analalamika kwamba baridi imeanza.

Kwa hiyo wewe kaka uliyeachwa na kaka mwenzio, au dada uliyeachwa na dada, nakusihi: usimzike mtu aliye hai. Utaulizwa aliugua nini, kazikwa wapi, matanga yanaanuliwa lini, na badala ya kulia utabaki unakumbuka ulimdanganya nani nini.

Sema tu "ameniacha". Kiswahili kimetusitiri, neno hilo halisemi aliyekuacha ni mwanamume au mwanamke. Mwenzangu alipotaka kuwaeleza wenzake kazini kwa Kifaransa, ilibidi achague moja kabla hata hajamaliza sentensi. Sisi hatuna shida hiyo, iwe kwa Kiswahili, kwa Kiha au kwa Kirundi chake. Chunga kitenzi kimoja tu, kuoa. Shangazi aliponiuliza, "Kwani kaolewa?" nilijibu, "Kapata mtu mwingine huko." Ulikuwa ukweli mtupu.

Tulikaa miaka minne. Alikuwa akija na boti Kibirizi kwa biashara, na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana, ugenini hakuwa mgeni. Tulitofautiana alipofika Ubelgiji, nchi ambayo watu wa jinsia moja wanafunga ndoa tangu 2003. Akaanza kunihimiza nijitangaze, eti kujificha ndiko kunakoniua. Alisahau upesi! Kwao Burundi sheria ya kuwaadhibu watu kama sisi ilipitishwa 2009, na hapa kwetu Tanzania kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Ushauri wa aliyevuka maji msikilize, lakini ni wewe utakayelala hapa. Nadhani hilo ndilo lililotuachanisha, kuliko umbali.

Halafu simu. Najua utataka kulala na zile picha. Mimi nililala nazo wiki nzima. Zifute. Simzungumzii yeye, huenda ni mtu mwema. Nazungumzia fundi wa simu, mwizi, na mdogo wako anayeazima aangalie mpira. Kuna watu wanaishi kwa kudai hela ili wasiseme walichokiona. Nilibakiza moja isiyo na sura: mikono miwili juu ya sinia, inachambua mgebuka wa kuchoma. Mmoja una kovu la kisu kwenye kidole gumba.

Usioe kwa hasira. Nimeona mtu akifanya hivyo, na aliyeumia zaidi ni binti wa watu.

Pombe sitaizungumzia sana, nilijaribu, asubuhi mambo yalikuwa yaleyale na kichwa kinauma juu yake. Kilichonisaidia ni mtu mmoja wa kumwambia. Mmoja, si watano. Wangu ni shangazi, na hajui yote. Anajua kuna mtu, anajua aliondoka, anajua usiku silali. Hajawahi kuuliza jina, na sijui kama ni bahati au ni akili zake. Jumapili nikienda kwake Ujiji namkuta anasonga ugali wa muhogo, hageuki, anauliza palepale jikoni:

"Wa Bujumbura hajapiga?"

"Hajapiga, shangazi."

"Warundi!" anasema, yeye ambaye mama yake mzazi alizaliwa Makamba. Kisha ananiwekea kichwa cha samaki, ambacho siku zote huwa ni chake.