Mtoto wa miaka 4 anachana karatasi akipaka rangi wanyama

Dada, umeuliza kwa nini mwanao anachana karatasi na kumwacha twiga nusu. Kosa si la mtoto. Mabaka ya twiga ni mengi na madogo, yanamchosha kabla hajafika shingoni. Anza na samaki au kobe, mnyama mmoja tu ukurasa mzima wa A4, mistari minene ya markapeni.

Karatasi inachanika kwa sababu kalamu za wino huilowesha, naye anasugua palepale. Mpe krayoni, tena zivunje vipande vya sentimita 3 hivi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kwa hiyo vidole vitatu vinajifunza kazi vyenyewe. Aliye chini ya miaka 3 usimvunjie, atavitia mdomoni. Bandika pembe nne za karatasi mezani kwa selotepu, isiteleze.

Dakika 10 zinatosha. Darasani, kopo moja la krayoni 12 kwa watoto 4. Wakizidi hapo, watagombea nyekundu.

Akipaka ng'ombe zambarau, tafadhali usimsahihishe. Muulize tu: "Huyu anakula nini?" Mara nyingi atachora majani mwenyewe.