Kwa nini Metal Slug inafanana na In the Hunt

Salaam ndugu. Umekwama kwenye swali hili: kati ya michezo ya video, Metal Slug ya 1996 ni ya kampuni ya Nazca, In the Hunt ya 1993 ni ya kampuni ya Irem, mbona zinafanana hivyo? Angalia kwanza majina ya watengenezaji mwishoni mwa mchezo. Mimi nilifuata nembo ya kampuni inayoonekana mwanzoni, ikanipoteza muda mrefu. Irem ilisimamisha kutengeneza michezo ya video mwaka 1994. Baadhi ya wafanyakazi wakaondoka wakaanzisha Nazca, ambayo baadaye ilichukuliwa na kampuni ya SNK. Kisha icheze GunForce II ya 1994, ya Irem pia: magari unayoyapanda vitani, milipuko minene, vyuma vinavyosambaratika vipande vipande. Ni mkono uleule. Michoro ile, iliyopangwa nukta kwa nukta, naipenda mno.